Tyubu ya tatu nayo imeshindwa: mwongozo kwa mwenye ng'ombe ambaye kiwele chake hakisikii dawa

"Daktari, dawa za siku hizi ni maji."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja wa Machame. Alikuwa ameshika tyubu tatu tupu za antibiotiki, zile zinazoingizwa kwenye chuchu, kama mtu aliyeleta ushahidi barazani. Ana ng'ombe watatu, na yule mkubwa alikuwa akitoa maziwa yenye mabonge kwenye robo moja ya nyuma ya kiwele (kila chuchu ina robo yake) kwa zaidi ya wiki mbili, yaani ugonjwa wa kiwele, mastaitisi. Baada ya tyubu ya kwanza mabonge yalikoma siku mbili, kisha yakarudi. Ya pili ikawa vilevile. Ya tatu hayakukoma hata siku moja. Dukani wakamshauri aongezee sindano ya OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, naye akachoma mililita 10, "kama za siku zote".

Sikumbishia, maana dawa mbovu zipo. Ila malalamiko ya namna hii yakichunguzwa huwa yana mambo kadhaa ndani yake. Pengine kipimo kilikuwa kidogo. Pengine dawa yenyewe haimhusu kabisa kijidudu aliyemo. Pengine kijidudu amejichimbia ndani ya kiwele mahali ambapo dawa haifiki. Na pengine kweli ni usugu, yaani bakteria wenye uwezo wa kuishi mbele ya dawa iliyotakiwa kuwaua. Kila moja ina njia yake, na hakuna hata moja inayotatuliwa kwa kurudi dukani kuomba "kali zaidi".

Yafuatayo nimeyaandika kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja hadi kumi, anayekamua kwa mkono, zizi likiwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, au uani.

Hatua ya 1: Ujue ugonjwa kabla haujaonekana

Kila unapokamua, michirizi miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe chenye rangi nyeusi ndani. Kifuniko cheusi cha ndoo kinatosha. Usikamulie sakafuni wala kiganjani, maana hapo ndipo unapompa kijidudu usafiri wa bure kwenda kwa ng'ombe anayefuata. Tafuta mabonge, nyuzi, maji ya njano, damu.

Hiyo itakuonyesha ugonjwa uliokwisha kujitokeza. Mwingi zaidi umejificha: maziwa meupe, kiwele laini, ng'ombe anakula, ila mavuno yanashuka kidogo kidogo na wewe unalaumu majani. Huu hupimwa kwa CMT (California Mastitis Test), kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957. Ni kisahani chenye vyumba vinne, kila robo na chumba chake. Unakamulia maziwa kidogo, unaongeza dawa ya kipimo kwa kiasi kilekile, unakizungusha kwa sekunde kama 10. Maziwa ya robo nzima hubaki majimaji. Ya robo yenye maambukizi huwa mazito kama mlenda, kwa sababu sabuni iliyomo hupasua chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye kiwele kupigana, na vinasaba vyake huvutika kama uteute.

Huna CMT? Wataalamu wa mifugo wa Pakistan walionyesha zamani kwamba sabuni ya unga ya kufulia, gramu 30 kwa lita moja ya maji, hufanya kazi ileile kwa njia ileile. Si safi kama kipimo chenyewe, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Pima mara moja kwa mwezi. Siku chache za kwanza baada ya kuzaa majibu hudanganya, kwa hiyo subiri kwanza.

Hatua ya 2: Je, ni jambo la sasa hivi au la kesho?

Ng'ombe akiacha kula, masikio yakawa ya baridi, macho yakazama, maziwa yakawa kama maji ya mchele au rangi ya chai, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Hiyo mara nyingi ni kazi ya E. coli na jamaa zake watokao kwenye kinyesi. Sumu yao humwangusha ng'ombe kwa saa chache, na anachohitaji haraka ni maji mwilini na dawa ya kushusha uvimbe na homa, si tyubu ya chuchu.

Kama anakula, anatembea, na tatizo ni mabonge au uvimbe wa robo moja, una muda wa kufanya hatua ya 3. Tafadhali usiiruke.

Hatua ya 3: Chukua maziwa ya kupima kabla ya dawa yoyote

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na sababu naielewa. Maabara iko mbali na duka liko njiapanda. Lakini tyubu tatu za yule mama, sindano zake, na maziwa aliyomwaga zaidi ya wiki mbili vilimgharimu kuliko nauli ya kupeleka chupa moja Arusha.

Tafuta chupa ndogo zenye kifuniko zilizotakaswa, ukaziombe maabara au kwa afisa mifugo wa kata. Chupa ya soda iliyooshwa haifai, itakuletea majibu ya wadudu wa chupa. Kisha:

Osha mikono kwa sabuni. Kama chuchu ni chafu ioshe na uikaushe kabisa, maana tone moja la maji machafu likiteremka limeharibu kila kitu.

Kamua na kumwaga michirizi ya kwanza.

Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 mpaka pamba itoke nyeupe. Anza na chuchu za mbali nawe, malizia za karibu. Wakati wa kukamulia kwenye chupa geuza mpango: anza za karibu, malizia za mbali. Ukifanya hivyo mkono hautapita juu ya chuchu uliyokwisha kuisafisha. Jambo dogo, lakini maabara hulijua mara moja usipolifanya.

Shika chupa ikiwa imelala, si wima, ili vumbi na nywele visiangukie ndani. Kifuniko kishike kwa vidole huku upande wa ndani ukitazama chini. Mililita 5 hadi 10 zinatosha. Funga.

Andika juu ya chupa jina la ng'ombe, robo gani, tarehe, na kama alishapewa dawa, ipi na lini. Usifiche. Maziwa yenye dawa huweza kuonekana hayana kijidudu kumbe yamelewa tu.

Weka kwenye barafu na ufikishe ndani ya siku moja. Ikishindikana, gandisha. Tanzania kuna maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, na vituo vya kanda kikiwamo cha Arusha. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine. Kenya kuna Kabete na vituo vya mikoani kama Karatina, Nakuru na Eldoret. Piga simu kwanza uulize wanapokea siku gani.

Hatua ya 4: Soma majibu, usiangalie tu dawa iliyoandikwa

Baada ya siku mbili tatu utapewa karatasi. Juu kuna jina la bakteria. Chini kuna orodha ya dawa, na mbele ya kila moja herufi S, I au R. Maabara walichofanya ni kuwapanda bakteria wako kwenye sahani na kuweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa. Mahali dawa ilipowazuia pamebaki duara tupu. Duara pana ni S, dawa inawaua au inawazuia. Wakiota mpaka ukingoni mwa karatasi ni R, wamekuwa sugu. I iko katikati, muulize daktari.

Watu husoma herufi wakaruka jina. Mimi naanza na jina, kwa sababu linaeleza zaidi.

Streptococcus agalactiae ni habari njema ndani ya habari mbaya. Anaishi ndani ya kiwele, anaenezwa na mikono ya mkamuaji, lakini kwa kawaida penisilini bado inammaliza. Ukitibu kwa kipimo kamili na kusafisha ukamuaji, unaweza kumwondoa zizini moja kwa moja.

Staphylococcus aureus, tumwite stafi, ndiye aliyekuwa kwenye karatasi ya mama wa Machame, na mbele ya penisilini paliandikwa R. Stafi wengi wana kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijawagusa. Si jambo la jana: mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijawafikia wagonjwa wengi, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walikuwa wameshaeleza kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu. Zaidi ya hapo stafi huchimba ndani ya nyama ya kiwele, hujizungushia ukuta wa kovu, wengine huingia ndani ya chembe zilezile zilizotumwa kuwala. Dawa ya S kwenye sahani hukuta ukuta huo. Ndiyo maana mabonge hukoma siku mbili na kurudi: waliokuwa nje wamekufa, wa ndani wametoka. Na stafi aliye sugu kwa penisilini huwa mgumu kupona hata ukitumia dawa nyingine ambayo maabara imesema inamuua.

E. coli asiye mkali mara nyingi kiwele humfukuza chenyewe ndani ya siku chache, na antibiotiki huongeza kidogo sana. Mkamue robo hiyo mara kwa mara, mpe dawa ya uvimbe kwa ushauri wa daktari, mwangalie.

Mycoplasma hana ukuta wa chembe. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo kwake haina pa kushika. Huyu hajawa sugu, ndivyo alivyozaliwa. Tena haoti kwenye sahani za kawaida za maabara.

Na kuna hamira na kuvu, ambao huingizwa na sisi wenyewe: tyubu iliyochomekwa kwenye chuchu chafu, sindano iliyotumika mara kumi, bua la nyasi au unyoya wa kuku uliotumika "kuzibua" chuchu. Antibiotiki haziwagusi hata kidogo. Acha dawa, kamua, subiri.

Karatasi ikisema "hakuna kilichoota", usiitupe kwa hasira. Pengine mwili umeshawashinda, au stafi hakutoka siku hiyo maana hutoka kwa vipindi, au ni huyo Mycoplasma. Rudia mara moja.

Nitoke njiani kidogo. Mwaka 2011 watafiti waliripoti stafi katika maziwa ya ng'ombe wa Uingereza ambaye ni sugu kwa methisilini, dawa za kundi ambalo hospitali za binadamu huzitegemea, akiwa na jeni ambayo vipimo vya kawaida vya wakati ule havikuiona. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba jamii hiyo ilikuwapo kwenye ngozi ya kalunguyeye wa Ulaya tangu kabla antibiotiki hazijatengenezwa, kwa kuwa kuna kuvu wa ngozi yake anayetoa vitu vya namna ya penisilini. Kwa hiyo bakteria sugu wachache wanaweza kuwapo zizini mwako hata kama hujawahi kununua tyubu. Unachofanya kwa nusu dozi ni kuwaua majirani zao na kuwaachia shamba lote. Wakipata nafasi hugawiana jeni hizo, hata na bakteria wa jamii nyingine, kama watu wanavyoazimana jembe.

Hatua ya 5: Ukiamua kutibu, tibu kweli

Dawa ichaguliwe na daktari wa mifugo kwa kufuata karatasi. Kwa kawaida anayestahili kuanza ni dawa nyembamba inayomhusu kijidudu huyo peke yake. Norwe, Denmark na Ufini huanza na penisilini ya kawaida inapofaa, na ng'ombe wao hawajafa. Dawa za mwisho mwisho, hasa sefalosporini za kizazi cha tatu na zile za jamii ya siprofloksasini, ziachwe kwa mahali pasipo na njia nyingine. Ndizo zitakazomtibu mwanao akilazwa.

Sindano hupimwa kwa uzito. Zungusha utepe wa kupimia kifuani mwa ng'ombe nyuma ya miguu ya mbele, usome kilo. Kama kibandiko kinasema mililita 1 kwa kilo 20, ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20. Mililita 10 "za siku zote" ni dozi ya mtamba wa kilo 200. Nilipompimia yule mama hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Kwa hiyo nilikuwa nawafundisha hao bakteria."

Ndiyo.

Tyubu ya kiwele ina taratibu zake. Kamua robo mpaka iishe. Safisha ncha ya chuchu kwa spiriti kama ulivyofanya wakati wa sampuli. Ingiza ncha ya tyubu milimita tatu hivi tu, kwa maana ukiisukuma yote unaingiza ndani uchafu na unapanua mlango unaomlinda ng'ombe. Tyubu moja kwa robo moja, yote. Kugawa tyubu moja kwa robo mbili, au nusu leo nusu kesho, ni nusu dozi mbili pamoja na maambukizi mapya. Chovya chuchu kwenye iodini ukimaliza. Maliza siku zote zilizoandikwa hata kama mabonge yamekoma siku ya pili.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kuisha muda, angalia kama lakiri ni nzima, na chupa haikuwa ikianikwa juani dirishani. Na usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja kwa wazo lako.

Hatua ya 6: Maziwa ya siku za dawa

Kila dawa ina siku za kusubiri. Kwa tyubu nyingi ni saa 72, lakini kibandiko ndicho mwamuzi, na huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, si ya kwanza. Kwa anayekamua mara mbili, saa 72 ni mikamuo sita. Maziwa yote ya ng'ombe huyo hayauzwi, hata ya robo tatu nzima, kwa sababu dawa husafiri kwenye damu.

Kuchemsha hakutoi penisilini. Kiwango kinachoruhusiwa kimataifa ni mikrogramu 4 kwa lita, yaani maziwa ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa yanaweza kuchafua tangi la kijiji kizima. Mgando ukikataa kuganda bila sababu, shuku hilo kabla ya kumshuku mchawi.

Swali ninaloulizwa kila mara: basi nimpe ndama? Hapana. Ndama anayelishwa maziwa ya dawa hutoa bakteria sugu zaidi kwenye kinyesi, na kinyesi hicho ndicho malazi ya mama yake. Mbwa vilevile asipewe. Mwaga shimoni, mbali na kisima na mfereji.

Hatua ya 7: Funga mlango

Stafi na strepu hutembea wakati wa kukamua. Kwa hiyo panga foleni: mitamba iliyozaa mara ya kwanza, kisha wazima, mwisho wagonjwa. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, kifuliwe na kuanikwa juani. Mafuta ya kukamulia chota kwa kijiko, usitumbukize vidole kwenye kopo kwa ng'ombe wote. Baada ya kukamua chovya kila chuchu kwenye iodini ya asilimia 0.5, kikombe kilichokatwa kwenye chupa ya plastiki kinatosha, kibadilishwe dawa kila mara. Hakuna shilingi utakayoitumia vizuri zaidi ya hiyo.

Wa kinyesi hutembea wakati ng'ombe amelala. Mlango wa chuchu hukawia nusu saa hivi kujifunga baada ya kukamuliwa, kwa hiyo mwekee majani horini muda huo asimame akila. Malazi yawe makavu. Majani makavu ya migomba ni mazuri. Unga wa mbao uliolowa ni nyumba ya Klebsiella, jamaa wa E. coli.

Hatua ya 8: Kukausha, kuifunga robo, kumtoa

Siku 60 kabla ya kuzaa, unapomkausha, yaani unapoacha kumkamua, ndipo mahali bora pa kumfukuza kijidudu aliyejificha, kwa tyubu maalumu za kukaushia ambazo hukaa kiweleni muda mrefu. Zamani zilitiwa kwa kila ng'ombe. Umoja wa Ulaya umezuia kuzitia kwa mazoea tangu Januari 2022, na nadhani mkulima mdogo anaweza kufuata wazo hilo bila kusubiri sheria: pima kila robo kwa CMT wiki ya kukausha, kaa na daktari wako, mtibu mwenye maambukizi. Mzima asipewe antibiotiki. Daktari anaweza kumtilia kizibo cha chuchu kisicho na dawa.

Mwenye nafasi nzuri ya kupona stafi ni ng'ombe kijana, aliyeugua robo moja, kwa mara ya kwanza, akatibiwa mapema. Ng'ombe wa uzao wa nne au wa tano, robo ya nyuma, yenye bonge gumu ndani unaloligusa kwa vidole, sugu kwa penisilini, huyo usimnunulie tyubu nyingine. Una njia mbili. Uvimbe ukishatulia, daktari akikubali, acha kabisa kuikamua robo hiyo ikauke, naye aendelee na tatu. Au mtoe zizini. Robo ileile ikirudi mara tatu kwenye uzao mmoja, mimi naanza kuzungumza habari za kumtoa. Andika kila tukio kwenye daftari, maana kichwa husahau na huruma husaidia kusahau.

Mama wa Machame alichagua kwanza kuifunga robo. Alimkamua wa mwisho miezi saba, akamkausha, na alipozaa robo ya pili ya nyuma ikaanza. Akamuuza kwa mchinjaji, baada ya siku za kusubiri za nyama kwisha. Jirani alikuwa ametoa bei nzuri zaidi, alimtaka kwa maziwa. Akamwambia ukweli, na jirani akaghairi. Binti wa ng'ombe yule amezaa mwaka huu. Ndiye anayekamuliwa wa kwanza.